Modeli nzuri ya ubongo, chati yenye makosa: tathmini ya mwalimu wa biolojia

Mwanzoni mwa muhula huu nilinunua, katika duka moja la vifaa vya kufundishia pale Kariakoo, modeli ya plastiki ya ubongo wa binadamu yenye vipande vinane, pamoja na chati ya ukutani inayolinganisha ubongo wetu na wa wanyama. Vyote viwili viligharimu shilingi 95,000. Baada ya kuvitumia kwa wiki tano na wanafunzi wa kidato cha tatu, modeli ninaisifu. Chati imenitia kazi ya kusahihisha kwa kalamu nyekundu.

Vipande vya modeli hushikana kwa sumaku na vimehimili mikono mingi bila kupasuka. Kasoro yake ni rangi ya kijivu kama saruji, ilhali ubongo ulio hai huwa na wekundu wa damu, na kijivu hicho hasa ni cha ubongo uliokwisha kuhifadhiwa kwenye dawa. Siku moja nilipitia buchani, nikanunua ubongo wa mbuzi na kuuweka kwenye sahani kando ya modeli. Ulikuwa laini kama mtindi mzito, na darasa zima likaiacha plastiki likasogelea sahani.

Chati inasema kwamba binadamu ana seli za neva bilioni 100, na kwamba seli saidizi, yaani glia, ni mara kumi ya hizo. Takwimu hizi zilirudiwa kwa miaka mingi pasipo hesabu ya kuaminika nyuma yake, hadi mwaka 2009 watafiti wa Brazili, akiwemo Suzana Herculano-Houzel, walipochapisha matokeo ya njia yao ya kuugeuza ubongo kuwa kimiminika na kuhesabu viini vya seli vinavyoelea ndani yake. Walipata seli za neva takriban bilioni 86, na seli nyingine zote kwa pamoja zikawa karibu idadi hiyo hiyo.

Kosa lililonisumbua zaidi ni mshale mkubwa unaoonyesha kwamba ubongo ukikua, seli huongezeka na akili nayo huongezeka. Mwanafunzi mmoja aliuangalia akauliza, "Mwalimu, kwa hiyo tembo anatuzidi akili?" Hapo ndipo modeli ilipolipa gharama yake. Nilichomoa serebelamu, kile kipande cha nyuma kinachoenea kiganjani kama chenza, nikawaeleza kwamba humo ndimo zilimo takriban bilioni 69 kati ya zile bilioni 86. Tembo wa Afrika ana seli za neva zipatazo bilioni 257, mara tatu ya zetu, lakini karibu zote zimo katika serebelamu yake, jambo ambalo watafiti wamelihusisha na kazi ya kuuendesha mkonga. Katika gamba la ubongo, yaani tabaka la nje linalohusika na kufikiri, ana takriban bilioni 5.6 tu, ilhali sisi tuna kama bilioni 16.

Pweza naye amechorwa seli zake zote zikiwa kichwani. Ana zipatazo milioni 500, na sehemu kubwa imo mikononi, jambo ambalo mwanafunzi mmoja kutoka Kilwa hakushangazwa nalo, kwani ameona mkono uliokatwa ukiendelea kujinyonganyonga.

Ile kauli kwamba tunatumia asilimia 10 tu ya ubongo nayo imo, imeandikwa kwa herufi nene. Niliifuta bila mjadala mrefu, kwa kuwa kiungo chenye kama asilimia 2 ya uzito wa mwili hakingelishwa takriban asilimia 20 ya nishati yake ili sehemu kubwa ikae bure. Kuhusu seli za neva kutozaliwa tena ukubwani, chati ingepaswa kusema kwa tahadhari: nyingi hudumu maisha yote, lakini ndege aina ya kanari na panya huzalisha mpya, na kwa binadamu wataalamu bado wanabishana.

Niliporudi dukani, muuzaji alinijulisha kwamba modeli huuzwa pia peke yake kwa shilingi 70,000. Ningelijua hilo mapema, zile 25,000 zingeishia buchani, na kila meza ya darasa ingepata ubongo wake wa mbuzi.