Juneau hadi Sitka kwa meli ndogo: unacholipia hasa

Safari hii ya Alaska ni ghali, na ningeilipia tena. Ila sababu zangu hazimo kwenye kipeperushi cha kampuni. Kipeperushi kinauza nyangumi, dubu na barafu, na vyote vipo kweli. Lakini nyangumi utawaona hata ukipanda boti ya nusu siku kutoka bandari ya Juneau kwa sehemu ndogo sana ya bei hiyo. Fedha zako hapa zinanunua mambo mawili: mahali nanga inapoweza kushushwa, na mtu atakayekupokea ukishuka. La kwanza kampuni yetu ililifanya vizuri mno. La pili ililifanya vizuri mara moja, na mara nyingine ikaniudhi.

Mimi ni Mmakonde wa Mikindani, naishi Tacoma, Marekani, na mke wangu ni mtu wa Tanga. Tuliweka akiba muda mrefu kwa ajili ya safari hii. Kampuni sitaitaja jina. Zipo kadhaa zinazopita kusini-mashariki mwa Alaska kati ya Juneau na Sitka, na njia zao hazipishani sana. Bei yetu ilizidi dola 6,000 kwa kichwa, nauli ya ndege mbali. Mwishoni kuna bahasha ya bakshishi ya mabaharia, ambayo hakuna anayekulazimisha kuijaza lakini hakuna anayeirudisha tupu. Ihesabu tangu nyumbani.

Wengi huniuliza kwa nini meli ndogo iwe ghali kuliko zile kubwa zenye mabwawa ya kuogelea na maduka. Sehemu ya jibu iko kwenye sheria ya Marekani ya mwaka 1886, inayokataza meli za kigeni kubeba abiria kutoka bandari moja ya nchi hiyo na kuwashusha kwenye nyingine. Zile kubwa nyingi zina bendera za kigeni, ndiyo maana zinazoondoka Seattle lazima zipitie Kanada. Hizi ndogo zimeundwa Marekani, zina bendera ya Marekani, na mabaharia wake wanalipwa mishahara ya Marekani. Kwa hiyo unapanda Juneau, unashuka Sitka, na katikati nahodha ana uhuru wa kuzungukia visiwa. Gharama ya uhuru huo iko ndani ya tiketi yako.

Abiria hatukufika 80. Chumba chetu kilikuwa kidogo lakini safi, maji ya moto hayakukatika, na dirisha lilifunguka, jambo ambalo si la kulidharau. Kama usingizi wako ni mwepesi, usikubali chumba cha omo, yaani mbele ya meli: mnyororo wa nanga ukishushwa alfajiri, wote wa upande huo wanaamka. Mtandao wa simu usahau. Gambuti na makoti ya mvua tulipewa humo humo melini, na tuliyavaa karibu kila siku, maana huo ni msitu wa mvua. Msitu wa Tongass una hekta zaidi ya milioni 6, na mvua yake haina msimu wa kuaga.

Chakula nakigawa mafungu mawili. Tulijaza fomu miezi kabla, tukaandika kwamba hatuli nguruwe na hatunywi pombe. Fomu haikufika jikoni. Asubuhi ya kwanza karibu kila kilichokuwa mezani kilikuwa na nguruwe ndani yake au kimekaangwa kwa mafuta yake, na mke wangu akala mkate na matunda. Kwa bei ile haikubaliki. Nampongeza mpishi, aliyekuja mwenyewe mezani kuomba radhi, na tangu hapo alitutengea kikaango chetu. Samoni wake wa kuokwa, aliyepakwa chumvi tu na ndimu, nimejaribu kumpika Tacoma na sijampata.

Kwa Waislamu wanaofikiria kwenda, mambo mawili. Katikati ya mwezi Juni jua la Juneau huzama baada ya saa 4 usiku na kuchomoza kabla ya saa 10 alfajiri, na giza haliingii sawasawa katikati yake, basi ulizeni mapema mashehe wenu kuhusu Isha na Alfajiri. La pili ni kibla. Kutoka kule njia fupi ya kwenda Makka inapita karibu na ncha ya dunia, kwa hiyo kibla ni karibu kaskazini kamili. Meli ikiwa nangani huzunguka na maji yanapojaa na kupwa; mahali uliposwalia Adhuhuri, saa ya Alasiri pameshaelekea kwingine. Baharia wa zamu alizoea kutuona tukipanda kwenye usukani kutazama dira, na siku za mwisho alikuwa anatuonyesha kwa kidole kabla hatujauliza.

Dubu tuliwaona kwenye kisiwa cha Admiralty, Kootznoowoo kwa Watlingit, wenyeji wa asili wa huko, kinachokadiriwa kuwa na dubu wa kahawia wapatao 1,600. Tuliteremka kwenye boti za mpira maji yakiwa yamekupwa. Mwendesha boti alizima mashine mbali na akaacha mkondo utusogeze. Dubu jike mmoja alikuwa peke yake ufukoni akipindua mawe. Alitia kucha chini ya jiwe, akaliinua upande mmoja tu, akaramba vilivyojificha chini, kisha akaliachia likaanguka mahali pake. Jiwe la pili hivyo hivyo. Alifanya kazi kwa mpangilio, kutoka ukingo wa maji kupanda juu, na hakuruka hata moja. Aliinua kichwa mara moja tu, akanusa upande wetu, akarudi kwenye mawe yake. Mwongozaji wetu hakufungua kinywa muda wote ule, nami namshukuru. Nimewahi kukaa na waongozaji wanaoongea juu ya mnyama hadi mnyama mwenyewe humwoni.

Nyangumi-nundu tuliwapata kwenye mlango wa Chatham wakivua heringi kwa pamoja: wanazunguka samaki chini, mmoja anapuliza mapovu yanayowafungia samaki ndani, kisha wote wanaibuka midomo wazi. Melini walishusha kifaa cha kunasa sauti za chini ya maji. Tulisikia mlio mrefu unapanda, unapanda, unakatika ghafla, na hapo maji yakapasuka. Shakwe walikuwa wameshajikusanya juu ya mahali penyewe kabla yetu sote.

Sasa niseme juu ya Glacier Bay, ghuba iliyo ndani ya hifadhi ya taifa, kwa sababu huko ndiko safari ilikostahili kila senti.

Nahodha George Vancouver alipopita mwaka 1794, hapakuwa na ghuba ya kusemwa. Ukuta wa barafu ulikuwa karibu na mdomo wake. John Muir, mtaalamu wa mazingira, alipofika mwaka 1879 barafu ilikuwa imesharudi nyuma zaidi ya kilomita 48. Leo unasafiri karibu kilomita 100 kutoka mdomoni hadi kuufikia mto wa barafu wa Margerie, uliosimama zaidi ya mita 70 juu ya maji. Tulikaa mbele yake asubuhi nzima. Kipande kinapomeguka, unakiona kikianguka kwanza, na mshindo unakufikia baadaye. Hifadhi inaruhusu meli kubwa 2 tu kwa siku. Siku hiyo ilikuja moja, ikageuka taratibu, ikaondoka, sisi tulibaki.

Yote hayo ofisa wa hifadhi aliyepanda melini aliyaeleza vizuri. Lakini ghuba niliielewa tulipoteremka Bartlett Cove na kuingia kwenye nyumba ya Wahuna, Xunaa Shuká Hít, iliyofunguliwa Agosti 2016. Wahuna ni Watlingit ambao mababu zao waliishi ndani ya ghuba hiyo hadi barafu ilipowajia mbio katika karne ya 18 na kufunika vijiji vyao. Wakahamia ng'ambo, mahali panapoitwa leo Hoonah, na waliendelea kurudi kuwinda sili na kuokota mayai ya shakwe barafu ilipoachia. Kisha mwaka 1925 serikali ikalitangaza eneo hilo kuwa la kuhifadhiwa, na hatua kwa hatua wenyewe wakazuiwa kufanya waliyoyafanya miaka yote. Nyumba hiyo wameijenga kwa kushirikiana na hifadhi ile ile iliyowafungia mlango.

Mwenyeji wetu alikuwa mama mtu mzima wa Hoonah. Alijitambulisha kwa ukoo wake, nyumba yake, na ukoo wa baba yake, maana kwao mtoto ni wa ukoo wa mama, na mjomba ndiye aliyekuwa akimlea na kumfundisha kijana wa dada yake. Nilimwambia hata kwetu Wamakonde ndivyo ilivyokuwa, na kwamba mjomba wangu alikuwa mchonga mpingo. Akaniuliza watu wa mama yangu ni akina nani. Nimeishi Marekani miaka mingi, na hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo. Nikamtajia. Akanishika mkono akanipeleka kwenye ubao wa mwerezi, akauweka mkono wangu juu yake. Ubao wote ulikuwa na alama za tezo, chombo cha kuchongea mbao: mabonde madogo madogo, safu kwa safu, yote yenye kina kimoja. Anayejua tezo anajua kwamba kina kimoja namna ile hakipatikani kwa mtu mwenye haraka.

Halafu akatueleza mayai. Ukikuta kiota cha shakwe kina yai 1 au 2, chukua. Ndege atataga tena. Ukikuta 3, acha, kwa sababu keshamaliza kutaga na ameanza kuatamia. Bibi yake alimfundisha hivyo kwa mdomo, wakati sheria ilikuwa inamwita bibi huyo mkosaji. Mwaka 2014 Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kuwaruhusu tena. Alilisema hilo bila kupandisha sauti, na wazungu wote mle ndani walikuwa kimya.

Ndiyo maana kilichotokea siku chache baadaye kiliniudhi sana. Kijiji pekee cha kisiwa cha Admiralty kinaitwa Angoon. Mwaka 1882 mganga mmoja Mtlingit aliyekuwa kibarua wa kampuni ya uvuvi wa nyangumi alikufa kwa bomu la chusa lililolipuka. Wenzake wakaacha kazi na, kwa desturi yao, wakadai fidia, mablanketi 200. Jeshi la Majini la Marekani likaja, likawadai wao 400, na tarehe 26 Oktoba likakipiga kijiji mizinga, likachoma nyumba na kuvunja mitumbwi wakati majira ya baridi yanaingia. Watoto 6 walikufa. Jeshi liliomba radhi tarehe 26 Oktoba 2024, pale pale Angoon, baada ya miaka 142.

Meli yetu ilipita karibu na kijiji hicho jioni, haikusimama. Habari hii tulisomewa kwenye karatasi na kijana wa jimbo la mbali la Colorado, mpole na mwenye nia njema, kabla ya kuletwa keki. Ilichukua dakika kumi hivi. Watu wakapiga makofi, wakaendelea kula.

Nilimwendea nahodha, akanijibu kwa heshima kwamba ratiba haikuruhusu. Niliandikia kampuni nilipofika nyumbani, wakasema kutembelea kijiji kunategemea ridhaa ya wenyeji. Hapo nakubaliana nao kabisa. Kijiji kina haki ya kutotaka wageni 80 wenye kamera mlangoni. Lakini hifadhi ya Glacier Bay ilimpandisha mtu wake melini, na Hoonah walikuwa na mama yule nyumbani kwao. Kwa dola 6,000 kampuni inaweza kumlipa mtu mmoja wa Angoon apande Juneau, ale nasi, aeleze anachotaka kueleza na anyamazie anachotaka kukinyamazia. Kipeperushi chao kina picha ya nguzo za kuchongwa kwenye jalada. Aliyeuza utamaduni wa watu awalipe watu hao wauseme wenyewe.

Sitka tuliingia kupitia mkondo mwembamba wa Sergius, ambako maji hukimbia kwa nguvu kiasi kwamba nahodha hungoja yatulie ndipo apite. Tulingoja, tukapita. Mji nimeupenda, na njia ya msituni yenye nguzo za totemu itembee asubuhi kabla abiria wa meli kubwa hawajashuka.

Ukitaka kulipia safari ya aina hii, ipigie kampuni simu na uwaulize majina ya sehemu mtakazoteremka, na kwa kila sehemu ni nani atakayewapokea, wa wapi, na kama analipwa. Wakijibu "waongozaji wetu wataeleza," uliza kampuni nyingine. Fomu ya chakula itume, kisha piga simu tena uulize kama mpishi ameiona.

Na kwa asiye na fedha hizo, ipo feri ya jimbo, Alaska Marine Highway. Inakwenda Juneau, Hoonah, Sitka, na Angoon pia, inabeba wenyeji na mizigo yao, na unaruhusiwa kupanda na chakula chako mwenyewe. Mke wangu ameshaichapisha ratiba. Tunakwenda Angoon, tukalale huko kwa wanaopangisha vyumba, na kama kuna mtu wa kuzungumza nasi tutakaa tumsikilize.