Kopo la hewa au kompresa ya fundi wa matairi?

Hapa Busia, upande wa Uganda, vumbi jekundu la barabarani huingia kila mahali, na kompyuta haisalimiki. Nikifungua mashine ya duka la fotokopi hukuta feni imefunikwa vumbi zito, na mapezi ya kupozea prosesa (ubongo wa kompyuta) yameziba kabisa. Joto likipanda, mashine hujizima yenyewe katikati ya kazi ya mteja.

Wengi huipeleka kwa fundi wa matairi apulize vumbi kwa kompresa, mashine yake ya kubana hewa. Ni bei nafuu na upepo hauishi. Lakini hewa ikibanwa, unyevu wake hugeuka maji ndani ya tangi, na mara nyingi mafuta ya kompresa huchanganyika humo. Puliza kwanza kwenye karatasi nyeupe: ukiona madoa, usithubutu kuelekeza mpira wa kompresa hiyo kwenye bodi ya ndani ya kompyuta. Tena presha ya kujazia tairi la lori inaweza kung'oa vipande vidogo.

Kopo la hewa ya kupulizia vumbi ni ghali na huisha upesi, ila linatoa upepo mkavu. Kilichomo hasa ni gesi iliyogeuzwa kimiminika, na aina nyingi hushika moto, kwa hiyo chomoa umeme na ufungue madirisha. Lishike wima, ukiliinamisha hutoka kimiminika baridi kali kinachounguza ngozi. Puliza kidogo kidogo.

Kwa vyovyote, zuia feni kwa kijiti isizunguke ovyo. Mimi nachagua kopo. Kompresa naikubali ikiwa tu ina kichujio cha maji na presha imeshushwa.