Kabodi ka ESP32-C3, nimekatumia miezi minne, haya ndo niliyoyaona

Ni kakompyuta kadogo ka kuprogramu kenye waifai, ka kuendeshea sensa na swichi za nyumbani. Udogo wake kwanza jamani. Milimita 22 kwa 18 hivi, ukikachomeka kwenye kebo ya USB-C kichwa cha kebo kinaonekana kikubwa kuliko bodi yenyewe. Nilikuwa natafuta kitu cha kuingia nyuma ya swichi ya ukutani maana bodi yangu ya zamani ilikuwa haipiti, haka kaliingia na nafasi ikabaki.

Ndani kuna chipu ya RISC-V ya kiini kimoja, megahezi 160, kilobaiti 400 za RAM, waifai na Bluetooth 5 ya LE. Kwa sensa na rilei (swichi ya umeme inayoamriwa na bodi) inatosha na kubaki. Mi naandika mistari michache ya ESPHome tu (programu ya kuiandalia bodi maagizo), Home Assistant (programu ya kuendeshea vifaa vya nyumbani) inaiona, basi. Mara ya kwanza unashikilia kitufe cha BOOT, unachomeka kebo, unaachia, baada ya hapo unaflashi (kuingiza programu) kwa waifai huku umekaa zako.

Sasa kero. Yangu haijaandikwa hata jina la aliyeitengeneza, na wiki ya kwanza ilinitesa kweli, jina la waifai inaliona vizuri ila kuunganika haitaki, inajaribu inashindwa, inajaribu inashindwa, nikabadili kebo, nikabadili nywila, nikailaumu ruta bure. Usiku mmoja nikagusa antena kwa kidole kwa bahati mbaya, ikashika! Nikatoa kidole, ikakata. Kumbe antena imebanana mno na vitu vya jirani yake, ikirusha kwa nguvu zote inajivuruga yenyewe. Nikashusha nguvu ya kurusha hadi dBm 8.5 (kipimo cha nguvu ya mawimbi) na tangu hapo haijakata, yaani imepunguza sauti ndo ikasikika. Ila umbali sasa ni wa ndani ya nyumba tu. Na inajua 2.4 GHz pekee, kama ruta yako umeiweka 5 GHz tupu utaisubiri mpaka kesho.

Pini za kuunganishia vifaa ziko 13 lakini usizishangilie zote. Namba 2, 8 na 9 chipu inazisoma wakati inawaka. Mi nikajitia mjuaji nikaweka sensa ya mlango, ile ya sumaku, kwenye pini 9, ikafanya kazi siku tatu bila shida, umeme ukakatika ukarudi, bodi kimya. Mlango ulikuwa umefungwa, pini imevutwa chini, na pini 9 ndo hiyohiyo ya kitufe cha BOOT, kwa hiyo yenyewe ikaamka inasubiri kuflashiwa. Nikahamia pini 4, kimya kikaisha. Halafu taa ya bluu iko pini 8 na iko kinyume, ukiiambia washa inazima 😅. Volti ni 3.3, sensa inayotoa volti 5 usiiunge moja kwa moja, utaiua bodi.

Kwa betri sijaridhika. Chipu ikilala usingizi mzito inakula mikroampia 5 tu, lakini bodi ina taa nyekundu isiyozimika, sasa usingizi gani huo na taa inawaka? Yangu niliing'oa kwa ncha ya pasi ya kulehemia, taratibuuu.

Nimeongeza mbili zingine za vyumbani. Ya uani nachukua yenye kitundu cha antena ya nje.