Flashi ya kupigia Windows imenirudisha ndani ya laptopu bila kufomati

Wakuu, hii ni rivyu ya kitu ambacho wengi wetu tunacho droo na hatujui kinafanya nini zaidi ya kupiga Windows upya, yaani ile flashi yenyewe ya kuinstolia. Mimi imeniokoa wiki iliyopita na bado siamini.

Ilikuwa hivi. Laptopu iliingia kirusi, nikaweka antivirasi moja ya bure (jina sitaji), ikaskani ikakuta madudu kibao, nikabonyeza futa vyote, ikaomba kuristati, nikaristati huku najipongeza. Skrini ya kulogini ikaja, nikaandika paswodi, ikanikaribisha vizuri tu, halafu kabla sijaona hata ikoni moja ikaandika inanitoa, nikajikuta palepale kwenye paswodi. Nikarudia, hivohivo. Nikarudia tena na tena mpaka vidole vikachoka, hivohivo. Kila niliyemwuliza ananiambia umesahau paswodi, sasa mimi nikikosea makusudi inaniambia umekosea, nikiandika sahihi inanikaribisha kisha inanifukuza, huko ni kusahau kweli? Na fundi mmoja hata hakuigusa, alisema tu fomati. Mafaili yangu ya miaka mingapi, fomati!

Nilipokuja kuelewa kinachotokea nilicheka. Ukishaandika paswodi, Windows inaenda kwenye rejista (daftari lake la mipangilio) kusoma sehemu inaitwa Winlogon, humo kuna mstari wa Userinit unaoiambia iwashe programu gani kwanza. Kwa kawaida ni userinit.exe, huyo ndo anaandaa mambo yako halafu anaita explorer.exe, ndo unaona desktopu. Kirusi changu kilikuwa kimefuta jina hilo kikaweka la kwake, kikawa kinajiwasha chenyewe kwanza kisha kinamwita userinit kimyakimya, ndo maana siku zote hizo sikushtuka. Antivirasi ikaja ikafuta faili la kirusi lakini mstari kwenye rejista ikauacha unamtaja marehemu. Windows inamtafuta, haimpati, hakuna wa kukufungulia, basi inakutoa. Mlinzi kafukuzwa kazi na funguo kaondoka nazo.

Sasa flashi. Niliitengeneza kwenye kompyuta ya mtu kwa kile kiprogramu cha bure cha Microsoft, inataka flashi ya GB 8 kwenda juu na inafuta kila kitu kilichomo, angalieni hapo. Nikabuti nayo, yaani laptopu ikawaka kutoka kwenye flashi. Nilianza na sehemu ya kujirekebisha yenyewe, ikazunguka weee, haikubadilisha kitu, na nikifikiria sasa sioni ingebadilisha nini maana ile inashughulika na Windows isiyowaka na yangu ilikuwa inawaka vizuri tu. Kurudisha nyuma mpaka tarehe ya zamani nako hakuna, sikuwa na pointi hata moja iliyohifadhiwa. Sefu modi (Windows ikiwaka na vitu vya lazima tu) nilishajaribu kabla ya flashi, inakutoa vilevile kwa sababu nayo inapita mlango huohuo wa Userinit.

Kilichonisaidia ni lile dirisha jeusi la amri. Ukiwa kwenye skrini ya kwanza ya kuinstolia unabonyeza Shift na F10 linafunguka, halikuulizi paswodi wala nini (inatisha kidogo ukifikiria, mtu yeyote mwenye flashi anaingia, labda draivu yako iwe imefungwa na BitLocker, kile kifungio cha Windows cha kusimba draivu, na hapo hata wewe mwenyewe utadaiwa ile namba ya tarakimu 48, itafute mapema). Ukaandika regedit, rejista inafunguka na mausi inafanya kazi kama kawaida.

Na hapa ndo nilipoteza karibu saa nzima, kwa hiyo nisikilizeni. Rejista unayoiona hapo SIO ya laptopu yako. Ni ya kale kawindows kadogo kalikotoka kwenye flashi, kanakaa kwenye draivu X. Mimi nikawa napekua humo, kila kitu kisafi kama mtoto aliyetoka kuogeshwa, nikaanza kujitilia shaka mwenyewe. Unatakiwa ubonyeze HKEY_LOCAL_MACHINE, uende File, Load Hive, kisha utafute faili linaitwa SOFTWARE ndani ya Windows\System32\config kwenye draivu yako halisi. Na hiyo draivu inaweza isiwe C, ukiwa kwenye flashi herufi zinabadilika, yangu ilikuwa D. Likopi kwanza hilo faili pembeni kabla hujaligusa. Litakuomba jina lolote, mimi niliandika mgonjwa.

Nikaingia mgonjwa, Microsoft, Windows NT, CurrentVersion, Winlogon, na pale kwenye Userinit nikamkuta: njia ndefu ya kwenda ProgramData na mwishoni herufi za ovyoovyo kama paka kapita kwenye kibodi. Nikafuta nikaandika C:\Windows\system32\userinit.exe, na koma mwishoni, hiyo koma ni sehemu yake msiiache. Andika C hata kama hapo unaiona D, kwa sababu Windows ikiwaka yenyewe itaiona ni C. Nikacheki na Shell, mstari wa hapohapo unaotaja programu ya desktopu, iliandikwa explorer.exe, safi. Nikaanlodi (bonyeza mgonjwa, File, Unload Hive), nikachomoa flashi, nikawasha. Paswodi, karibu, kimya kidogo… desktopu hii hapa, na ile picha yangu ya ukutani niliyokuwa nimeichoka nikaiona nzuri ajabu.

Baada ya hapo nilipiga skani ya Defender (antivirasi ya Windows yenyewe) ile ya oflaini maana aliyeingia mara moja anaweza kuwa kaacha ndugu zake, na paswodi za barua pepe nikabadilisha kwa simu, sio kwa hiyo laptopu.

Naipa nyota 4 kati ya 5. Inafanya kazi na ni ya bure, ila haikuonyeshi pa kwenda, ukiwa hujui hilo jina Userinit utazunguka kwenye menyu mpaka ukubali kufomati. Yangu nimeibandika karatasi USIFUTE, kwa sababu juzi tu mdogo wangu alishaichukua anataka kuwekea miziki.