Peaky Blinders: Imechuja, au Macho Yetu Ndiyo Yamezoea?

Haya, watazamaji wangu, karibuni tena. Leo tunaingia kwenye ubishi ambao kila nikikaa na watu wanaopenda tamthilia lazima uibuke: Peaky Blinders imechuja au haijachuja? Na wabishi hawa hawapimi maneno. Huyu anakwambia baada ya msimu wa 2 hakuna kitu, yule anakwambia usimguse Tommy Shelby utapigwa.

Tahadhari mapema: nitataja nani anakufa na nani anamuua nani. Kama hujaiona na hutaki kupunguziwa uhondo, ifunge hii video, nenda kaangalie, utanikuta.

Kwa wasioijua, haraka haraka. Ni tamthilia ya Uingereza, kaiandika Steven Knight, ilianza kurushwa BBC Two Septemba 2013 na ikamalizika BBC One Aprili 2022. Misimu 6, kila msimu sehemu 6, jumla 36. Kuna filamu pia, lakini leo siigusi. Hadithi inaanza Birmingham mwaka 1919, mtaa wa Small Heath, kwa familia moja inayoendesha kamari za farasi. Wanaume wametoka Vita vya Kwanza vya Dunia, vichwa havijakaa sawa, na kiongozi wao ni Thomas Shelby, anayechezwa na Cillian Murphy. Kwenye kofia zao wameshona nyembe. Hilo la nyembe, kwa taarifa yako, wanahistoria hawalikubali: genge la kweli lenye jina hilo lilitamba miaka ya 1890, na wakati huo nyembe za kutumia na kutupa zilikuwa kitu cha anasa, si cha kijana wa uchochoroni. Lakini tamthilia si darasa la historia, tuendelee.

Tuanze na mwonekano, maana ndiyo sifa yake ya kwanza. Hapa sina ugomvi na mtu. Chukua ule mwanzo kabisa. Tommy anapita uchochoroni juu ya farasi mweusi, watu wanajificha milangoni, halafu anatokea binti wa Kichina na unga mwekundu kiganjani, anampulizia farasi puani. Mnaoshangaa, ule ni ujanja wa biashara: wapita njia waamini farasi karogwa, wakimbilie kubeti. Nyuma yake tanuri za viwanda zinatema moto hadi barabarani, moshi, matope, halafu katikati ya uchafu wote huo jamaa kavaa suti imenyooka utadhani imetoka kupigwa pasi dakika hiyo. Na muziki si wa enzi zile hata kidogo, ni magitaa ya Nick Cave, wimbo wa mwaka 1994. Kwenye karatasi haiingii akilini. Kwenye kioo unakaa wima.

Hadi leo ukienda kwa kinyozi ukamwonyesha picha ya Tommy, hakuulizi ni nani. Pembeni kunanyolewa, juu kunaachwa. Kwa hiyo anayesema imechuja kwa picha, kwa nguo, kwa mwanga, huyo simwelewi. Msimu wa 6 ni mzuri wa macho kuliko wa 1. Na hapo ndipo penye ugonjwa wenyewe, nitafika.

Sasa wabishi. Kundi la kwanza linasema kosa ni ukubwa: walianza na kamari za mtaani, wakaishia kugombana na mafashisti. Kundi la pili linasema kosa ni marudio: Tommy anatembea kwa mwendo wa pole, anawasha sigara, anatoa kauli nzito, mlipuko. Kundi la tatu linasema tamthilia ilizikwa pamoja na Polly, shangazi wa familia.

Mimi nasema kundi la tatu liko karibu na ukweli, ila limechelewa kuitazama saa. Tatizo halikuanza Polly alipoondoka. Lilianza Polly alipoacha kusikilizwa.

Rudini msimu wa 1. Shangazi Polly, anayechezwa na Helen McCrory, ndiye aliyeshika biashara wakati wanaume wako vitani. Wamerudi, wanataka viti vyao, lakini daftari analijua yeye. Na ni shangazi! Sisi hapa hatuhitaji kuelezwa shangazi ni nani kwenye kikao cha familia. Tommy kajikuta na shehena ya bunduki za kiwanda cha BSA zilizokuwa ziende Libya, na Polly anamkalisha kanisani anamtaka aseme anaficha nini. Anasema. Polly anamwambia zitoe hizo bunduki mikononi mwako. Tommy anamsikiliza, halafu anakwenda kufanya yake kisirisiri. Anamficha kwa sababu anamwogopa! Hapo ndipo presha yote ya msimu wa kwanza inapotoka. Inspekta Campbell katumwa na waziri Churchill kutoka Belfast azisake bunduki hizo, sawa, anatisha. Lakini wa kutisha zaidi yuko ndani ya nyumba.

Na angalia walivyopanga nyumba yenyewe. Sebule ya familia na duka la kubeti vimetenganishwa na milango miwili tu. Mlango ukifunguliwa ni kelele za wacheza kamari, ukifungwa ni kikao. Arthur, kaka yake Tommy, anapayuka, mdogo wao John anatania, dada yao Ada analeta matatizo yake na mkomunisti wake Freddie, Polly anazima moto. Tommy lazima awashawishi. Unamwona akifikiri, unamwona akishindwa hoja. Kwenye hali hiyo, wakitoka nje wote wakatembea kwa mwendo wa pole na muziki ukapiga, ile picha ina maana. Watu hawa wametoka kubishana, sasa wako bega kwa bega. Mtindo umelipiwa.

Msimu wa 2 bado uko vizuri. Tom Hardy anaingia kama Alfie Solomons, muoka mikate asiyeoka mikate, anakula kila onyesho analowekwa. Na ule mwisho, Tommy kapelekwa uwanjani, kaburi limeshachimbwa, anawasha sigara yake anapiga kelele kwamba alikuwa karibu apate kila kitu, halafu anaachwa hai kwa sababu Churchill bado ana kazi naye. Kwangu hiyo ndiyo kilele cha tamthilia nzima. Bishaneni na mimi.

Msimu wa 3, mkeka unaanza kuchanika. Tommy kahamia kasri, anaoa. Kuna Warusi waliokimbia mapinduzi, kuna magari ya deraya, kuna padri, kuna mkufu, kuna handaki. Uliza mtu aliyemaliza msimu huo akueleze Warusi walitaka nini hasa, umwone anavyokuna kichwa. Lakini siyo ugumu wa hadithi unaonisumbua. Ni kwamba Tommy sasa ana mpango ambao haumwambii mtu, sisi wenyewe hatuambiwi, halafu mwishoni anaufunua na wote tunatakiwa tupige makofi. Kile kikao cha mwisho ndiyo kielelezo: anawagawia fedha zao mezani, bunda kwa bunda, kisha anawaambia polisi wako njiani kuwakamata. Familia inapigwa pingu. Onyesho zuri mno, sikatai. Ila tazama lilichofanya. Meza ya kubishania imegeuka meza ya kupewa taarifa.

Sasa, wale wanaosema ilishuka moja kwa moja hadi mwisho, nijibuni: msimu wa 4 mnauweka wapi? Unaanza na kamba shingoni, Polly na vijana wako kwenye kitanzi. Krismasi zinafika barua zenye alama ya mkono mweusi, yaani onyo la kifo, na John anapigwa risasi mlangoni kwake. Baada ya hapo Tommy analazimika kuwarudisha wote Small Heath, vichochoro vilevile, watu wasiosalimiana wanabanwa nyumba moja. Na ghafla tamthilia inapumua! Polly ana hasira ya kweli, Arthur anamlilia mdogo wake, Ada anasema yake. Adrien Brody, yule Mmarekani wa kisasi, na kijiti chake mdomoni, mimi kwangu alizidisha chumvi, lakini hata yeye hakuweza kuuharibu msimu ule. Mwaka 2018 ulipata BAFTA, tuzo ya Uingereza, ya tamthilia bora, na haki yake. Kwa hiyo wanaosema tatizo ni marudio, hapa wananipoteza. Msimu wa 4 umerudia karibu kila kitu na umenoga.

Msimu wa 5 una mtego wa aina yake. Mwaka 1929, Tommy ni mbunge, adui ni Oswald Mosley, mwanasiasa aliyekuja kuongoza mafashisti wa Uingereza. Sam Claflin kamcheza vizuri hadi unatamani umzabe kofi. Tabu ni kwamba Mosley ni mtu wa kweli, alifariki Orsay, karibu na Paris, mwaka 1980. Sasa mnapojenga msimu mzima kuelekea jaribio la kumuua jukwaani, na mtazamaji anajua jamaa atazeeka, mashaka yanatoka wapi? Msimu wa 1 walikwepa hilo bila aibu: Billy Kimber, mkuu wa genge la mbio za farasi, naye alikuwa mtu wa kweli, kwenye tamthilia walimuua tu, na hakuna aliyelalamika. Kwa Mosley wasingeweza, anajulikana mno. Ikabidi mpango ushindwe. Na kwenye msimu huohuo Polly anaandika barua ya kujiuzulu, yaani ndani ya hadithi yenyewe shangazi keshachoka kutosikilizwa.

Kisha ukaja msiba. Msimu wa 6 ulipangwa kuanza kurekodiwa mapema 2020, korona ikausimamisha, wakaanza Januari 2021. Helen McCrory akafariki Aprili mwaka huo, kabla hajarekodi sehemu zake. Hapa nataka tuwe na utu. Huwezi kumlaumu mwandishi kwa kifo. Walichofanya ni kumfanya Polly naye afe kwenye hadithi, mwili unarudishwa nyumbani, gari la farasi linachomwa moto kwa desturi za Waroma (Gypsy), jamii wanayotokea. Ni heshima kubwa, na ukiangalia kimya kile unajua waigizaji hawaigizi.

Lakini baada ya mazishi kuna saa kadhaa za kujaza, na ndipo nilipowaambia tutafika. Tommy kaacha pombe, yuko peke yake kwenye fremu, ukungu, farasi, moto, sura ileile, muziki unakuja kubeba uzito. Kila picha unaweza kuitundika ukutani. Ila picha ile ya watu bega kwa bega imebaki ya mtu mmoja akitembea, na hakutoka kubishana na yeyote. Mtoto wake Ruby anakufa kwa kifua kikuu, jambo ambalo lingevunja nyumba nzima, na tunaliona zaidi kupitia mgongo wa koti la Tommy. Kinachouokoa msimu ule ni Ada. Sophie Rundle kila anapoingia anasema na kaka yake kama dada, haheshimu ubunge wala bunduki, na maonyesho yao yana joto ambalo Mosley na mpenzi wake Diana Mitford hawana. Nilitamani apewe nafasi mara mbili ya ile.

Mwisho wenyewe, wa daktari aliyemdanganya Tommy kwamba anakufa, mimi nimeupokea nusu. Kugundua uongo kwa picha ya harusi ya Mosley kwenye gazeti, daktari naye yumo, ni utundu mzuri. Kufika pale kulichukua muda mrefu mno.

Neno kuhusu kuangalia, maana mnaniuliza sana. Kuna matoleo yenye sauti ya mtafsiri wa Kiswahili, yale ya vibandani kwenye flashi. Nawapenda watafsiri wetu, kwa filamu za mapigano hawana mpinzani. Kwa hii, hapana. Tommy anazungumza kwa kunyamaza, na mtafsiri hawezi kuacha ukimya, ataujaza tu kwa utani. Tafuta yenye maandishi chini, na hata kama Kiingereza unakijua yaache yawake, lafudhi ya Birmingham ya Arthur akilewa haishikiki. Misimu yote 6 imekuwa Netflix.

Alama zangu: wa 2 unaongoza, unafuata wa 1, kisha wa 4, wa 5, wa 6, na wa 3 mkiani. Ndiyo, wa 3 chini ya wa 6, kwa sababu ya wale Warusi. Kama unaanza leo, usiruke hata huo wa 3, maana bila kile kikao cha fedha mezani, kamba za mwanzo wa msimu wa 4 hazitakubana koo. Wiki ijayo nakuja na tamthilia nyingine ya zamani zile, na hiyo ina shangazi wawili.