Old Park chini ya maji: tangi la samaki nililotengenezewa na fundi wa Ntinda

Kila mgeni anayekaa sebuleni kwangu hapa Kireka huuliza lile lile: mbona taksi zimezama? Nami humrudishia swali: wewe hujawahi kukutwa na mvua ya Aprili ukiwa Old Park? Stendi ile ya taksi, katikati ya Kampala, iko bondeni, mfereji wa Nakivubo uko jirani, na mawingu yakimwaga saa moja tu, watu wanavua viatu. Mimi nimekuwa kondakta pale miaka sita, njia ya Mukono. Nimewahi kumbeba mama mmoja mgongoni, na mzigo wake wa matooke kichwani kwake, hadi mlangoni mwa gari. Basi nilipopata nafasi ya kuweka tangi la samaki nyumbani sikutaka ngome, wala meli ya maharamia, wala lile fuvu linalofungua mdomo likitoa mapovu. Nilitaka Old Park siku ya mafuriko.

Duka la kwanza waliniambia nichague kilichopo kwenye rafu. La pili wakataka kunichapishia picha ya stendi niibandike nyuma ya kioo. La tatu ni la huyu fundi wa Ntinda, kibanda kisicho na bango, ndoo za samaki zimepangwa hadi barazani. Alinisikiliza hadi mwisho, akakuna kidevu, akauliza: "Ssebo (yaani bwana), kamunye ngapi?" Kamunye ndizo taksi zetu, mabasi madogo kama daladala.

Tukapatana tatu. Tangi la sentimita 60 kwa 30 kwa 30, ambalo ni lita 54. Nilitaka kuliweka juu ya meza ya televisheni; akanikumbusha kwamba lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo ningekuwa napandisha mtu mzima mezani, na bado sijahesabu kioo na mawe. Akamtafuta mchomeleaji akanitengenezea stendi ya chuma. Kila kitu pamoja, yaani kioo, stendi, chujio, taa na kamunye zenyewe, nililipa shilingi 460,000. Mke wangu aliambiwa 300,000, na kama anasoma hapa, tutazungumza jioni.

Kazi ya mikono yake ndiyo iliyonivutia. Mimi nilidhani atanunua vigari vya kuchezea avibandike chini. Akakataa katakata: rangi hubanduka, na metali ya vigari hivyo ikilala majini huweza kuwaua samaki polepole. Kamunye zake amezifinyanga kwa udongo, akazipaka kaolini ili ziwe nyeupe, ndipo akazichoma. Ule mstari wa buluu ubavuni si rangi, ni vipande vya kigae alivyovikata kwa koleo na kuvigandisha kwa silikoni ya matangi ya samaki, si ile ya mabafuni iliyotiwa dawa ya ukungu. Madirisha nayo yana kanuni: tundu ama liwe dogo samaki asiweze kuingiza kichwa, ama liwe kubwa apite na mkia wake wote. La katikati ndilo linalonasa. Nyuma ya moja nilimwomba achonge "Mpola Mpola", kwa sababu gari nililofanyia kazi liliandikwa hivyo, na dereva wake hakuwahi kwenda pole hata siku moja.

Chini nilitaka murram, ule udongo mwekundu wa barabara zetu. Akacheka: "Ssebo, hiyo itakupa chai ya maziwa." Badala yake akaponda matofali ya kuchoma, akayaosha ndoo baada ya ndoo hadi maji yakatoka meupe. Ukitazama kwa mbali, utaapa ni vumbi la Kampala. Juu ya kifuniko, nje ya maji, amesimamisha karoli wa waya, yule korongo mkubwa wa majalala ya Kampala, shingo imekunjwa, anatazama chini kama kwamba kuna takataka. Huyo hakuwamo kwenye mapatano, ni nyongeza, na ndiye watoto wanaompenda kuliko samaki.

Kisha akanikabidhi tangi na kunikataza kununua samaki kwa wiki nne. Chujio linazunguka, taa inawaka, ndani hakuna kiumbe. Anasema kinyesi cha samaki hutoa amonia, na amonia huua. Wako bakteria wanaoigeuza kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, na wengine wanaoigeuza nitriti kuwa nitreti, ambayo samaki huivumilia ikiwa kidogo. Bakteria hao huota kwenye chujio na kwenye mawe, nao hawaji kwa siku moja. Kila siku chache nilitupia chembe za chakula zioze ili wapate cha kula. Nikikaa jioni nikitazama kamunye tatu tupu nilikuwa nakumbuka Machi 2020, usafiri wa umma uliposimamishwa na sisi wa stendi tukarudi nyumbani mikono mitupu.

Nilimwuliza kuhusu nkejje, wale samaki wadogo wa ziwani. Anao, lakini madume yao hugombania eneo, na lita 54 ni uwanja mdogo kwa ugomvi huo. (Yeye mwenyewe ni wa ukoo wa Nkejje wa Buganda, na samaki huyo ni mwiko kwao. Hawali, anawauza tu.) Tukakubaliana gapi wanane, wenye mikia kama pindo la kanga, na konokono watano. Joto la Kampala linawatosha bila hita. Maji ya bomba yana klorini, kwa hiyo nayaacha kwenye ndoo wazi siku nzima kabla ya kubadilisha robo kila Jumamosi.

Mwezi wa pili tangu niwatie samaki, konokono walikufa wote, wakifuatwa na gapi watatu. Nilimpigia fundi kwa hasira, nikamwambia silikoni yake ni feki. Alikuja na boda siku hiyo hiyo, akaingiza mkono, akatoa nyuma ya kamunye ya kati kigari cha polisi cha mwanangu, kile cha kumiminwa kwa zinki, kimeota unga mweupe na rangi imebabuka. "Baba, stendi haikuwa na polisi," mtoto akajitetea. Fundi alibadilisha maji nusu, akachukua nauli tu. Nami niliomba radhi, ingawa si kwa sauti kubwa.

Lawama ninazo, tena si za kuombwa radhi. Hakuniambia lolote kuhusu umeme kukatika. Usiku mmoja ulikatika kwa muda wa saa tisa nzima, chujio likasimama, samaki wote wakapanda juu wakihema, nami nikakaa na kikombe nikichota na kumwaga, kuchota na kumwaga, hadi alfajiri. Pampu ya hewa ya betri niliinunua mwenyewe kesho yake. Ilipaswa kuwamo kwenye bei. Pia alisema kulitengeneza tangi ni wiki mbili, ikawa wiki tano. Na kubwa zaidi kwa mtu aliyefanya kazi ile: mstari wa kamunye si buluu tupu, ni vikasha vya buluu na vyeupe vinavyopishana. Mgeni hataona. Mimi naona kila nikiketi kula.

Hata hivyo ningemwita tena. Gapi wamezaa, na vitoto vinajificha ndani ya kamunye visiliwe na wakubwa. Juzi nilihesabu thelathini na mmoja, karibu wote kwenye ile ya "Mpola Mpola", wakati leseni ni abiria 14. Nimemwagiza ya nne. Safari hii nimemchorea vile vikasha kwenye karatasi, kimoja kimoja.