Kliniki ya wanyama iliyomtibu mbwa wangu kabla ya kujua ni wa nani

Nawapa nyota 5 kamili, na kuna mambo mawili matatu hayakunifurahisha ntayasema pia huko mbele, ila nyota sipunguzi. Naandika hasa kwa nyie wenye mbwa na paka ambao hamjawahi kupata dharura, mmezoea kwenda kliniki kwa chanjo na dawa ya minyoo tu, maana hapo ndo huwezi kujua kama kliniki yako ni nzuri au la. Chanjo kila mtu anaweza kuchoma. Kliniki unaijua usiku mnyama anapoletwa hajiwezi, na aliyemleta hata jina lake halijui.

Ndivyo Bobi, mbwa wangu, alivyofika. Aligongwa na gari usiku, mi sikuwepo, na aliyemgonga akaondoka zake. Gari la nyuma lilikuwa la mama mmoja, huyo akasimama, akaliweka gari lake kwa kukinga barabara akawasha taa za hazadi ili wengine wasije wakampitia juu, na kijana mmoja aliyekuwa anatembea kwa miguu akaja kusaidia. Hawafahamiani hao wawili, hata mimi hawanifahamu, mbwa mwenyewe hawamfahamu. Kijana akapata ubao sehemu, wakamsogeza Bobi taratibu mpaka akalala juu ya ubao bila kumkunja mgongo, wakamfunika kwa koti la yule kijana, wakampakia. Dokta aliniambia baadaye kwamba hilo la ubao lilikuwa jambo la maana sana, kwa sababu mnyama aliyegongwa huwezi kujua uti wa mgongo uko salama au la, na watu wengi kwa huruma humnyanyua kwa kumshika chini ya miguu ya mbele akining'inia. Na mdomo hawakumfunga. Kawaida mbwa mwenye maumivu makali anaweza kumng'ata hata bwana wake kwa hiyo unashauriwa kumfunga mdomo kwa kitambaa, lakini huyu alikuwa anahema kwa shida, na mnyama anayehema kwa shida au anayetapika ukimfunga mdomo unamnyima pumzi.

Sasa kliniki. Walipofika pale mlangoni nesi hakuuliza mbwa wa nani, hakuuliza nani analipa, hakutoa fomu. Akamfunua mdomo akaangalia fizi, zimekuwa nyeupe, akazibonyeza kwa kidole. Hichi kitu kila mwenye mbwa akijue, ukibonyeza fizi ya mbwa mwenye afya ile sehemu inakuwa nyeupe afu rangi inarudi ndani ya sekunde 2, ikichelewa zaidi ya hapo ujue damu haizunguki vizuri. Ya Bobi ilichelewa. Wakamwingiza ndani moja kwa moja, oksijeni, dripu, sindano ya maumivu, na ndipo baada ya hayo wakapitisha kile kimashine shingoni kutafuta mikrochipu, kile kidude kidogo cha utambulisho kinachowekwa chini ya ngozi, wakasoma zile namba 15, wakanipata. Jamani kama mnyama wako hana chipu mwekeni, na kama anayo hakikisheni namba ya simu iliyoandikishwa ni ile mnayoitumia sasa, maana chipu yenyewe haina jina wala simu ndani yake, ina namba tu, na namba hiyo inamsaidia mtu pale tu kwenye daftari la usajili kuna mtu wa kupigiwa.

Mi nafika nakuta yule mama bado yupo. Amekaa benchi la mapokezi, nguo zina damu, kijana naye kasimama pembeni bila koti maana koti limebaki ndani na Bobi. Mama akaniambia "mwanangu pole, nilisema siondoki mpaka mwenyewe afike, asije akaonekana hana mtu." Nilishindwa kumjibu, nikamshika mikono tu. Kijana kila nikimshukuru anasema "pole dada, atapona," basi, hakutaka hata kuzungumzia koti.

Dokta wa zamu alikuja kuniona kabla hata sijamwona Bobi, na hapa ndo naanza kuisifia kliniki kwa dhati. Nilikuwa naulizia mguu, maana mguu wa nyuma ulikuwa umepinda vibaya, mfupa wa paja umevunjika, hata mtoto angeona. Akaniambia mguu hauui leo, kinachoweza kumuua leo ni kifua na damu, kwa hiyo mguu tunaufunga tunautuliza na hatuugusi mpaka huku juu kukae sawa. Eksirei ilionyesha hewa imeingia kati ya pafu na ukuta wa kifua, wakaitoa kwa sindano, na mapafu yamechubuka. Akanieleza kwa lugha ya kawaida kabisa kwamba mapafu yaliyochubuka yanaweza kuonekana afadhali leo halafu yakazidi ndani ya saa 24 mpaka 48 za kwanza, na moyo nao unaweza kuanza kudunda ovyo siku inayofuata hata kama sasa unadunda sawa, kwa hiyo mnyama aliyegongwa anayesimama na kutikisa mkia bado si wa kurudishwa nyumbani. Nilishawahi kusikia watu wakisema mbwa wao aligongwa, akainuka, akatembea, kesho yake akafa, wakadhani alilogwa ama alipewa sumu. Kumbe ni hii.

Halafu ikaja habari ya damu. Bobi alikuwa amepoteza nyingi, dripu inaongeza maji kwenye mishipa lakini haibebi oksijeni, na kliniki haikuwa na damu ya mbwa kwenye friji. Wana orodha ya watu waliojitolea mbwa wao wawe wachangiaji. Nesi akaanza kupiga simu, usiku ule, namba baada ya namba, mi nimekaa nasikiliza. Wengine hawakupokea na siwalaumu, ni usiku. Akapokea baba mmoja, akasema anakuja, na kweli akaja na mbwa mkubwa mweusi ambaye ametoka usingizini anashangaa taa.

Ngoja nielezee hapa kwa kirefu kwa sababu mi mwenyewe sikujua kama mbwa anaweza kumchangia mbwa damu. Mchangiaji anatakiwa awe mzima, ana chanjo zote, kwa kawaida kuanzia mwaka 1 mpaka miaka 8, uzito wake kama kilo 25 kwenda juu, awe mtulivu, na awe hajawahi kuongezewa damu maishani mwake. Wanampima kwanza wingi wa damu yake ndo wakubali. Akishakubaliwa wananyoa kidogo shingoni, wanatoa kama mililita 450 kwenye mshipa mkubwa wa shingo, kazi ya dakika 10 hadi 15 hivi, na mwili wake unairudisha wenyewe. Yule mweusi alilala ubavu, baba yake kamshika kichwa anamnong'oneza, hakutikisika. Mbwa wana makundi ya damu pia, linaloangaliwa sana linaitwa DEA 1, yupo mwenye chanya na mwenye hasi, ila bahati nzuri mbwa ambaye hajawahi kuongezewa damu kwa kawaida hana kinga iliyojiandaa kuipiga damu ya mwenzake, ndo maana ile mara ya kwanza hatari huwa ndogo. Hata hivyo walipima. Wenye paka sikilizeni, kwenu siyo hivyo, paka wana kundi A, B na AB, na wa A na B wanakuwa na hiyo kinga kiasili bila hata kuongezewa damu, damu isiyofanana inaweza kumuua paka hata mara ya kwanza, kwa hiyo paka lazima apimwe bila mjadala.

Walianza kumpa Bobi pole pole, nesi kakaa naye anaangalia joto, uso kama unavimba, kama anatapika, afu wakaongeza kasi, maana damu ikishatundikwa inatakiwa iishe ndani ya saa 4. Na mimi nimesimama pale naziangalia fizi. Sitasahau zilivyoanza kupata rangi. Nilimuuliza yule baba nimlipe nini, akasema mbwa wake wa zamani alikufa akisubiri damu, basi akaenda kumwandikisha huyu. Akambeba mbwa wake wakaondoka. Sijui hata anakaa wapi.

Oparesheni ya mguu ilifanyika siku kifua kilipokuwa kimetulia, wakaweka bamba la chuma na skrubu. Sina la kuongeza hapo, ilienda vizuri, mshono msafi, eksirei niliyoonyeshwa mfupa umekaa kwenye mstari. Kila siku alipokuwa amelazwa walinitumia video fupi, mara anakunywa maji, mara kalala, na kama hakuna jipya walisema hakuna jipya. Kwa mtu anayesubiri hiyo ni kubwa sana.

Sasa yasiyonifurahisha. Sehemu ya kusubiri ni moja, mbwa na paka pamoja, nilimwona paka wa watu kwenye kikapu anatetemeka mbwa ananusa mlango wa kikapu chake, hata pazia tu lingesaidia. Simu ya mapokezi mchana haipokelewi, inaita mpaka inakata. Bili yao imejaa vifupisho ambavyo huelewi umelipia nini mpaka umwombe mtu akusomee, japo nikiri aliyenisomea alinisomea mstari kwa mstari bila kukunja uso, na wakanikubalia nilipe kidogo kidogo. Na siku ya kuruhusiwa walinielekeza dawa kwa haraka mno, ile karatasi waliyonipa ilitaja vidonge vizuri ila mazoezi ya mguu yameandikwa mstari mmoja, na mazoezi ndo nusu ya matibabu. Hilo warekebishe kweli.

Maana kupona kwenyewe kuko nyumbani. Mfupa wa mbwa mzima unachukua kama wiki 6 mpaka 8 kuanza kuonekana umeshika kwenye eksirei, na muda wote huo hakuna kukimbia, hakuna kuruka kwenye kochi, hakuna ngazi, anakaa kwenye keji au kona iliyozungushiwa na anatoka kwa kamba tu kwenda kujisaidia, nawe umempitishia taulo chini ya tumbo kumpunguzia uzito nyuma. Kola ile kubwa ya shingoni hakuna kuitoa kwa huruma, mbwa akiulamba mshono muda mfupi tu anaufumua. Na paja likivunjika kuna hatari ya misuli ya mbele ya paja kukakamaa mguu ukabaki umenyooka kama fimbo, hasa kwa mbwa mdogo anayekua, ndo maana goti linatakiwa kukunjwa na kunyooshwa taratibu kila siku kwa jinsi daktari anavyoonyesha. Nilirudi nikaomba wanionyeshe upya, nesi akakaa chini sakafuni na Bobi mpaka nikaweza mwenyewe. Keji nayo sikununua, kuna dada alikuwa kwenye foleni ya kliniki, mbwa wake keshapona, alisikia naulizia bei akasema ya kwake imekaa tu stoo, kesho yake akaileta pale mapokezi imeoshwa, ndani kaweka na blanketi.

Na tafadhali dawa za maumivu za binadamu msiwape. Paracetamol inaua paka, hata kidonge kimoja. Ibuprofen inatoboa tumbo la mbwa na kuharibu figo. Bobi alipewa zake za mifugo kwa uzito wake na zilimtosha, akawa analala usiku bila kulia.

Sasa hivi anatembea kwa miguu yote minne. Akilala muda mrefu anaamka amekaza kidogo ule mguu, hatua chache anakaa sawa. Bamba litabaki humo humo ndani, haliondolewi mpaka lilete shida. Kwenye faili lake wameandika kwa wino mwekundu kwamba ameshaongezewa damu, kwa sababu akija kuhitaji tena lazima damu ilinganishwe kwanza, safari hii mwili wake unaweza kuikataa.

Kwa hiyo Bobi hawezi kuwa mchangiaji, hilo limeniuma, nilitaka sana jina lake liingie kwenye ile orodha. Ila nyie wenye mbwa wakubwa watulivu waliokamilisha chanjo, nendeni kwenye kliniki zenu muulize kama wana orodha ya namna hiyo, kama wanayo mwandikishe na muache namba ambayo mtaipokea usiku. Kwa hii ninayoisema mimi usipige simu ya mapokezi, nenda mwenyewe jioni zamu ya usiku inapoingia, nesi mwenyewe ndiye anayeishika hiyo orodha na anampima mbwa hapo hapo.